Vifungo Vyeusi na Vyeupe

Mke wa mwanangu wa mwisho ni fundi wa kushona, na mtaa mzima unamwita Fundi, hata mimi mama mkwe wake. Ni mwanamke mwembamba, si mwingi wa maneno, na ana tabia moja iliyonichukua miaka kuizoea: hakubali jambo mpaka alipime. Ukimwambia kiuno chako ni inchi ishirini na nane, atakuitikia kwa adabu, kisha atavua ile futi inayoning'inia shingoni mwake na kukuzungushia. Akikuta ni thelathini na moja hasemi kitu. Anaandika tu. Zamani niliiona ni ubishi. Siku hizi naiona ni uaminifu.

Anashonea chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Kuna cherehani nyeusi ya kukanyaga, meza ya kukatia, pasi, na kamba ya kutundikia nguo zilizokwisha. Nyuma ya chumba hicho ndipo wanapolala, na nyuma yake ndipo ninapolala mimi, na kati yetu ni ukuta wa mbao ambao hata chafya haiwezi kujificha. Mwanangu ni mwoka mikate. Anaondoka watu wakijiandaa kulala, anarudi asubuhi na unga kwenye nyusi, anakula, analala. Kwa hiyo usiku ndani ya nyumba hiyo tulikuwa mimi, Fundi, binti yao wa darasa la pili ambaye akilala ni gogo, na huyo mgeni mpya.

Mgeni mwenyewe alizaliwa na mikunjo kwenye paji la uso, kama mtu aliyeulizwa swali gumu na anaona haya kusema hajui. Tukamwita Mzee. Nilikuja kumsaidia mama yake kwa siku arobaini, nikakaa na kuzidi, maana siku ya thelathini na tano msimu wa sare za shule ulifunguliwa, na Fundi akarudi kwenye kiti chake. Alichukua kapu kubwa, akalitandika vipande laini vya vitambaa, akaliweka chini ubavuni mwa cherehani, limeegemea mguu wa mashine, ili amwone mtoto bila kugeuza shingo. Mzee akiwekwa humo, analala. Wateja wakiingia wanachungulia, wanasema mtoto gani huyu mtulivu, hana hata shida. Nami nilikuwa najibu kwamba ndivyo tunavyolea huku kwetu, kana kwamba utulivu ule nilikuwa nimeufuma mwenyewe.

Usiku ilikuwa habari nyingine. Taa ikizimwa, Mzee anafumbua macho. Ananyonya kidogo, anasinzia, anaamka, ananyonya kidogo, anasinzia. Asubuhi Fundi alikuwa na macho kama mtu aliyepeleka mgonjwa safari ya mbali.

Mtoto alipofika wiki kumi tukampeleka kliniki. Nesi wa pale ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, hana haraka. Alimpima, akaweka nukta kwenye kadi, akaunganisha nukta kwa mstari, kisha akaufuata kwa kidole. Mwanzo mstari ulikuwa unapanda vizuri. Wiki za mwisho ulikuwa umelala. Hakumtisha mtu. Aliuliza tu mtoto ananyonya mara ngapi kwa siku, usiku na mchana.

Fundi alisema usiku ananyonya sana. Mchana ananyonya. Nesi akauliza tena kwa upole, mara ngapi. Mtu anayejua inchi za mabega ya nusu ya mtaa hakuwa na hesabu ya mtoto wake mwenyewe. Nesi akatupa wiki mbili. Akasema tusimwongezee chochote kwa sasa, si uji, si maziwa ya kopo, si maji. Tuhesabu anavyonyonya, tuhesabu na nepi anazolowesha, kisha turudi.

Njiani nilisema yale wanayosema akina mama wote wa rika langu, kwamba mtoto aliyeshiba halali na kuamka, kwamba huenda maziwa yake ni mepesi, na kwamba kopo halijaua mtu.

Hapa inabidi nieleze kilichokuwa kati yetu. Huyu binti wa darasa la pili, alipokuwa wa wiki sita, naye alikuwa akiamka usiku kucha. Nilikuja nikatazama nikatoa hukumu: maziwa hayatoshi. Kopo likanunuliwa. Mtoto akaanza chupa, akawa ananyonya kidogo, na kadiri alivyonyonya kidogo ndivyo maziwa yalivyopungua, mpaka mwezi wa tatu yakakauka. Mtoto alikua, namshukuru Mungu, hana kasoro. Lakini Fundi alilia siku zile, akijifungia. Hakunilaumu hata mara moja. Jambo lile likabaki kati yetu kama pini iliyosahauliwa kwenye pindo. Huioni, ila kila ukikunja nguo inakuchoma.

Kwa hiyo niliposema habari ya kopo alisimama palepale barabarani, Mzee mgongoni, akasema, "Mama, huyu nataka anyonye. Niache hizi wiki mbili nijue kwanza. Mstari usipopanda, nitalikubali hilo kopo, na sitasema neno."

Nikakubali. Lakini jioni ileile nilipita dukani nikanunua kopo, nikalisukuma chini ya kitanda changu, nyuma ya viatu. Niliomba Mungu anisamehe kwa kutoamini, na kopo nikaliacha palepale.

Usiku ule Fundi alianza kupima. Ana bati kubwa la vifungo visivyo na wenzake. Akachagua vyeusi vya suruali kwa ajili ya usiku, na vyeupe vya mashati kwa ajili ya mchana. Akashona mfuko mdogo kwenye gauni lake la kulalia, akautia vyeusi. Kila Mzee akinyonya, anatoa kimoja gizani na kukidondosha kwenye bakuli la bati. Hakuna kutafuta kalamu, hakuna kuwasha taa. Nami upande wa pili wa mbao nasikia: tik.

Nilisikia vitano usiku huo. Cha tano kilianguka nikiwa nimeshaamka kwa sala ya alfajiri. Asubuhi nikatoka na ushindi wangu. Vitano, nikasema, si nilikwambia. Msusi wa jirani, ambaye huja kwetu kuomba pasi na kuondoka na habari, alikuwa amekaa mlangoni. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Huyo mtoto wa mwoka mikate bwana," alisema. "Kaingia zamu ya baba yake. Mtafutieni na yeye kofia nyeupe."

Kisha akaongeza kwamba maziwa ya Fundi ni ya kumlaghai mtoto, si ya kumshibisha. Msusi ana moyo mzuri, lakini ulimi wake hauna breki. Fundi alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Hakuinua kichwa. Akasema kwamba mpaka sasa tumepima mkono mmoja tu wa shati, na mkono mmoja hauwezi kukuambia shati lote litakaaje. Akaniomba mimi nihesabu mchana, kwa sababu mikono yake ina kazi. Akanipa bakuli lingine na vifungo vyeupe.

Nikakaa kwenye kigoda karibu na kapu kama mlinzi wa benki. Mzee alinyonya asubuhi, baba yake aliporudi kazini, nikadondosha kimoja. Saa mbili kamili mashine ikaanza. Saa nne, Mzee amelala. Saa sita, amelala. Karibu na saa nane alinyonya kidogo, macho nusu, akarudishwa kwenye kapu, na mguu wa mama yake ukarudi kwenye pedeli. Tena akalala mpaka magharibi, Fundi alipofunika mashine.

Vifungo viwili. Niliangalia chini ya meza nikidhani kimoja kimebingirika. Nikakuta pini na kipande cha chaki.

Siku ya pili, viwili. Siku ya tatu vitatu, kwa sababu lori lilipiga honi mlangoni. Nikaanza kuwa na maswali, na mimi si mtu wa maswali. Nimelea watoto sita kwa majibu niliyopewa na mama yangu, naye alipewa na mama yake. Lakini ukikaa na bakuli tupu mapajani siku nzima, akili inaanza kutembea. Niliona vitu ambavyo siku zote nilikuwa navitazama tu. Kwa mfano, mara kadhaa Mzee alianza kugeuza kichwa huku na huku, akafungua mdomo, akapeleka ngumi mdomoni na kuinyonya. Nikajiandaa na kifungo. Kisha mashine ikapita kwenye mshono mrefu, du-du-du-du, ngumi ikalegea, macho yakafungwa, mikunjo ikalainika. Kifungo kikabaki mkononi.

Mwanzoni mwa wiki ningesema, oneni mtoto mtulivu. Sasa nikajiuliza, ile njaa imekwenda wapi? Usilolijua ni kama usiku wa giza, walisema wazee, na mimi nilikuwa gizani mchana kweupe.

Siku ya nne mkanda wa cherehani ulikatika. Fundi alikuwa katikati ya mkono wa shati, ngozi ikatoa mlio kama kiboko, gurudumu likazunguka peke yake na kusimama. Mkanda mwingine ungenunuliwa mjini, na wa kwenda kuununua alikuwa mwanangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameingia kitandani. Fundi hakutaka kumwamsha. Akachukua lundo la mashati akaanza kushona matundu ya vifungo kwa mkono.

Chumba kikawa kimya. Nilikuwa nimesahau kwamba barabara yetu ina ndege.

Haikupita nusu saa Mzee akafumbua macho. Akatazama dari, akakunja uso, kama anayeuliza nani amezima. Akanyonya. Nikadondosha kimoja. Akalala usingizi mfupi, akaamka, akanyonya, mara hii kwa bidii, mpaka akacheua kama mzee kweli. Mpaka saa sita vilikuwa vitatu kwenye bakuli. Jua lilipokuwa linashuka nilidondosha cha sita, na mlio wake ukamfanya Fundi anyanyue kichwa. Alikuwa na sindano kati ya midomo. Alitazama bakuli, akatazama mashine, akatazama kapu. Akaitoa sindano taratibu.

"Mama," alisema. "Ni cherehani."

Nikamuuliza cherehani imefanya nini tena, maana mkanda tayari umekatika.

Akasema cherehani ndiyo inayomlea mtoto mchana. Yeye Mzee hakuwa mtulivu. Alikuwa anabembelezwa kutwa, na kila njaa ikitaka kumwamsha inalazwa upya. Usiku mashine ikinyamaza ndipo tumbo linapokumbuka madeni yake. Na usiku mama mwenyewe amechoka, anamnyonyesha huku anasinzia, mtoto naye anasinzia, hivyo anadonoa tu. Mara tano za kudonoa na mbili za mchana. Hiyo ndiyo hesabu iliyolaza mstari.

Niliona ni maneno ya kitabuni. Lakini usiku ule, nikiwa nimelala naangalia giza, nilisikia tik tatu tu. Na kati ya moja na nyingine ulikuwepo usingizi wa kweli, na kila tik ilitanguliwa na kumeza kwa nguvu, gu, gu, gu, kama mtu anayekunywa maji baada ya kulima.

Kesho yake mwanangu alileta mkanda kabla ya kulala. Nilidhani sasa kapu litahamishwa. Wapi. Fundi akalirudisha palepale, limeegemea mguu wa mashine, akataka kuona tena. Nilimwambia mtoto si kipande cha kujaribia sindano. Akacheka, akasema asubuhi moja tu, Mama, nusu asubuhi. Akaniomba niweke kiganja ndani ya kapu. Akakanyaga. Mtetemo ukapanda kutoka kwenye chuma, ukapita kwenye vitambaa, ukanifika kwenye kiwiko. Ulikuwa mtamu. Nikiwa mtu mzima mwenye miaka yangu hii, nilihisi kope zinakuwa nzito. Mzee alikuwa amelala kabla sijautoa mkono, na ngumi yake ilikuwa bado mdomoni.

Kapu likahamia chumbani kwangu, kwenye mkeka. Tukagawana kazi. Yeye anashona, na kila akimaliza mashati mawili anasimama kuja kumwona. Mimi nakaa na mtoto nikisubiri dalili zake: kichwa kugeuka, ulimi kutoka, mkono kwenda mdomoni. Nikiziona naita, sisubiri kilio. Akilala kupita kiasi tunamwamsha polepole, tunamfungua nguo, tunamsugua nyayo. Mashati yalipungua, hilo sitaficha. Fundi alikwenda mwenyewe kumwambia mwalimu mkuu kwamba dazeni ya mwisho itachelewa wiki moja. Mwalimu mkuu aliguna, akakubali, kwa sababu hakuna mwingine mtaani ambaye kola zake hazipindi.

Jioni ya siku ya tisa tulikuwa tunakunja vitambaa pamoja, yeye ncha zile, mimi ncha hizi, tukikutana katikati. Tulipokutana mara ya tatu hakuachia ncha zake.

"Mama," alisema, "dada yake naye alilala kwenye kapu hilihili."

Niliiona tena ile miaka saba iliyopita: kapu, mashine, msimu wa sare, mimi kwenye kigoda nikisifu utulivu wa mjukuu wangu mchana na kulaumu maziwa ya mama yake usiku. Vyote vilikuwa mbele ya macho yangu, kimoja kando ya kingine, na sikuwahi kuviunganisha.

"Mimi ndiye niliyesema maziwa hayatoshi," nikasema.

"Ulisema ulichokijua, Mama."

"Sikujua, mwanangu. Nilisema tu."

Nikaachia kitambaa, nikaingia chumbani, nikainama chini ya kitanda, nikarudi na kopo. Nikaliweka juu ya meza ya kukatia. Alilitazama, vumbi la viatu bado liko kwenye kifuniko. Akaniuliza nililinunua lini. Nikamwambia jioni ileile. Akaanza kucheka, na macho yake yakajaa, nami yangu pia, tukacheka kama wajinga wawili mbele ya kopo moja. Nilitaka nilirudishe dukani usiku huohuo. Akakataa. Alishatoa neno lake barabarani kwamba mstari usipopanda atalikubali, na neno lake halikuwa la kupimia upande mmoja. Kwa hiyo kopo likakaa mezani, kati ya mkasi na chaki, kwa siku tano. Kila nilipopita nililiona. Nadhani naye alikuwa analiona.

Siku ya kliniki tulifika mapema. Mzee alivuliwa nguo, akatundikwa kwenye mizani, akakunja uso kwa nesi kama hakimu. Mizani ikayumba. Nesi akasubiri itulie, nami nikajikuta naomba bila maneno. Akaandika. Akaweka nukta kwenye kadi, akachukua rula, akavuta mstari.

Ulikuwa umepanda. Si kidogo.

Akauliza hesabu. Fundi akafungua pochi akatoa utepe wa kitambaa alioushona, wenye vijifuko kumi na vinne, kimoja kwa kila siku, na ndani ya kila kijifuko vifungo vya siku hiyo. Nesi alivimwaga mezani kijifuko kimoja kimoja. Mwanzo vyeusi vitano na vyeupe viwili. Mwisho vyeusi vitatu na vyeupe sita, saba. Kisha akaenda kumwita mwenzake wa chumba cha pili aje kuona.

Fundi akamuuliza swali ambalo nilijua limemkaa: sasa hivi vyeusi vitatu, vitakwisha lini? Nesi akasema asivifukuze. Tumbo la mtoto ni dogo, maziwa ya mama humeng'enywa upesi, na kunyonya kwa usiku kunasaidia maziwa yasipungue. Wapo watoto wa mara mbili, wapo wa mara nne, na huyohuyo mmoja wiki hii hivi na wiki ijayo vile. Wadogo wengi hunyonya mara nane mpaka kumi na mbili usiku na mchana, lakini tusiabudu idadi. Tuangalie mtoto mwenyewe, nepi zake na mizani.

Nami nikauliza langu. Nililibeba tangu mtoto wangu wa kwanza na sikuwahi kuona wa kumuuliza. Kwa nini kunyonya kwa alfajiri huwa ndiko kurefu kuliko kote? Nesi akatabasamu, akasema akina mama wengi maziwa yao hujaa zaidi usiku kuelekea asubuhi, na mtoto anapajua palipojaa. Nilifurahi kama niliyepewa zawadi. Miaka thelathini nilikuwa nasali sala ya alfajiri mtoto yuko ziwani, nikimwona ananichelewesha.

Kopo nililirudisha mwenyewe. Mwenye duka alinipa badala yake sabuni ya kufulia nepi na rili mbili za uzi mweupe. Msusi aliponiona napita akauliza kama mwoka mikate mdogo amefukuzwa kazi ya usiku. Nikamwambia hapana, ila sasa anakula na mchana.

Usiku ule niliamka mwenyewe, sijui saa ngapi. Nilisikia upande wa pili kumeza kule, gu, gu, gu, kisha kimya, kisha kucheua. Nikasubiri. Kliniki ilikuwa imekwisha, hakuna aliyemtuma kuhesabu tena.

Tik.

"Cha ngapi hicho?" nikauliza kupitia mbao.

"Cha pili, Mama," alisema Fundi, na sauti yake ilikuwa na kicheko. "Lala wewe."